IMAMU GHAZALI NA DAWA YA KHOFU



Wasomaji wetu wa pwani wanajua kwamba ni desturi ya karatasi hii kueleza maisha ya wanavyuoni waliotutangulia. Hatufanyi hivyo ili tujifakhirishe kwa majina yao, kwani mwenye njaa hashibi kwa kusimuliwa karamu aliyokula babu yake. Twafanya hivyo ili tuyatazame maradhi yetu katika maisha yao, tuone wao walijitibu kwa nini. Safari hii tumemchagua Imamu Ghazali, na kabla ya kumweleza yatupasa kwanza tuseme kwa nini tumemchagua yeye.

Sisi tuandikao haya tumetoka pwani tukaja kukaa huku bara, Kisii na Nyamira, kwa kutafuta riziki. Ni nchi ya vilima na mvua nyingi, ya migomba na majani ya chai, na watu wake ni wachapa kazi wasiochoka. Waislamu ni wachache. Lakini katika nchi hii njema iko khofu moja ambayo mgeni huanza kuisikia jua likishatua, nayo ni khofu ya mchawi, ambaye kwa lugha ya wenyeji huitwa omorogi. Wala khofu hiyo si ya maneno matupu. Mwaka 2008 watu 11, wengi wao wakongwe, walichomwa moto katika nchi hii kwa kutuhumiwa uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake 4 waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma hiyo hiyo. Hawakuuawa na jeshi la adui wala na wanyang'anyi wa njiani. Waliuawa na watu walioamini kwamba wanajikinga na shari.

Pasiwe na mtu wa pwani atakayesoma khabari hizi akatabasamu, akasema hayo ni mambo ya watu wa bara. Katika Kilifi, nayo ni pwani yetu, wazee wangapi wameuawa kwa neno hilo hilo la uchawi, na mara ngapi nyuma ya neno hilo palikuwa na shamba lililotamaniwa na jamaa zao? Na katika miji yetu mikongwe, yenye adhana kila pembe, nani asiyemjua mtu aswaliye sala tano kisha akenda kwa mpiga ramli kuuliza ni nani aliyemfunga riziki yake? Mpiga ramli hamtaji mtu kwa jina. Humwambia kwa fumbo kwamba ni mwanamke, mtu mzima, nyumba yake iko upande wa kibla. Naye hurudi nyumbani hali jina la jirani limekwisha kaa kifuani mwake. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, aliyapiga vita mambo haya katika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah tangu miaka ya 1930, na bado hayajatutoka.

Basi tumejiuliza katika darsa yetu: khofu hii huondokaje? Kuikemea peke yake hakutoshi, kwani mwenye khofu akikemewa huificha tu. Ndipo tulipomkumbuka mtu mmoja aliyekuwa mkubwa wa elimu katika zama zake, naye pia alishikwa na khofu mpaka ulimi ukamkauka kinywani, kisha akaponywa. Huyo ndiye Imamu Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Jina lake ni Muhammad bin Muhammad bin Muhammad, na kuniya yake ni Abu Hamid. Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, nao ni 1058 wa Miladi, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani. Mahali hapo leo ni katika Iran, karibu na mji wa Mashhad. Imepokewa kwamba baba yake alikuwa maskini, akisokota sufi na kuiuza, na akipenda sana kukaa katika vikao vya wanavyuoni na kuwatumikia. Alipohisi kwamba ajali yake imekaribia aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja katika masufi, akamwachia na akiba ndogo ya kuwasomeshea. Akiba ilipokwisha, yule rafiki, naye pia ni fakiri, aliwashauri waingie katika madrasa ambayo wanafunzi wake hupewa chakula. Wakaingia. Imamu Ghazali hakuona haya, baada ya kuwa mkubwa, kukiri kwamba mwanzo wake yeye na nduguye waliitafuta elimu kwa ajili ya tumbo, si kwa ajili ya Mungu.

Alisoma Tus, kisha akasafiri kwenda Jurjan. Imesimuliwa kwamba katika kurudi kwake alivamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila alichokuwa nacho, hata mfuko wa karatasi alizoandikia masomo yake. Akawafuata akiwasihi wamrudishie karatasi, kwani ndizo elimu yake yote. Mkubwa wa wanyang'anyi alimcheka, akamuuliza ni elimu gani hiyo inayokwisha mtu akinyang'anywa mfuko. Kisha akamrudishia. Maneno yale yalimchoma. Akakaa Tus miaka 3 akihifadhi yote aliyoandika, ili asipate tena mtu wa kumnyang'anya. Lakini liko jambo moja ambalo wakati ule hakuliona bado, nalo ni kwamba elimu iliyo kichwani nayo huweza kunyang'anywa, na mwenye kuinyang'anya ni nafsi ya mtu mwenyewe. Hilo alikuja kulijua Baghdad.

Kisha akenda Nishapur kwa Imamu al-Haramayn al-Juwayni, aliyekuwa imamu wa madhehebu ya Shafii katika zama hizo, nayo ndiyo madhehebu yetu watu wa pwani. Alikaa kwake mpaka sheikh wake huyo alipofariki mwaka 478 (1085). Akatoka hapo hali amekwisha kuwa bingwa wa fiqhi, na usuli, na mantiki, na mabishano ya wanavyuoni.

CHEO CHAKE BAGHDAD

Wakati huo Masultani wa Kiseljuk ndio waliokuwa na nguvu, na waziri wao alikuwa Nizam al-Mulk, mtu aliyejenga madrasa kubwa katika miji mingi. Ghazali alifika katika baraza yake, akashindana na wanavyuoni waliokuwako, akawashinda. Mwaka 484 (1091) waziri alimpa kusomesha katika madrasa ya Nizamiya ya Baghdad, naye umri wake ni miaka 33 tu. Hapakuwa na cheo cha elimu kikubwa kuliko hicho. Wanafunzi wake walifika 300, na wakubwa wa dola walikuwa wakihudhuria darsa yake. Khalifa mwenyewe alikuwa akimtaka shauri.

Lakini zama zile zilikuwa za khofu. Mwezi wa Ramadhani mwaka 485 (1092) Nizam al-Mulk aliuawa kwa kisu, wakatuhumiwa watu wa kundi la Batini, na baada yake kwa muda mchache akafa Sultani Malik Shah. Dola ikaingia fitina. Ghazali aliandika kitabu cha kuwapinga Mabatini hao kwa amri ya Khalifa al-Mustadhhir, na aliandika pia kitabu chake mashuhuri cha kuwapinga wanafalsafa. Kwa nje alikuwa kilele cha mlima. Kwa ndani alikuwa mtu aliyeanza kujiuliza.

ULIMI ULIPOFUNGWA

Alijitazama akaona kwamba katika matendo yake lililo bora ni kusomesha. Kisha akalichungua hilo lililo bora, akaliuliza nia yake. Akaona nia yake si Mwenyezi Mungu. Nia yake ni jaha, yaani cheo na kutajwa na watu. Na mwenye kupenda jaha lazima awe na khofu, kwani kilicho mikononi mwa watu wanaweza kukuondolea wakati wowote watakao. Humwogopa sultani asije akamghadhibikia, na mwenzake asije akamshinda katika mjadala, na mwanafunzi asije akamhama. Kibri na khofu, ambazo sisi hudhani ni vitu viwili vinavyopingana, yeye alizikuta zimekaa katika chumba kimoja, na mlango wao ni mmoja.

Akakusudia kuondoka Baghdad, kisha akashindwa. Leo hutia azima ya kutoka, na kesho huivunja. Akakaa katika kusitasita huko karibu na miezi 6, tangu mwezi wa Rajab mwaka 488 (1095). Hata siku moja akakaa mbele ya wanafunzi wake asomeshe, ulimi usitamke hata neno moja. Chakula kikawa hakimshuki, maji hayamezeki, mwili ukadhoofika. Waganga wa tiba walimtazama wakakata tamaa, wakasema kwamba jambo hili limeanzia moyoni, na hapana dawa ila moyo upate raha.

Ndipo alipomkimbilia Mwenyezi Mungu kama mtu aliyeishiwa na hila, na Mwenyezi Mungu akamsahilishia kuviacha cheo na mali. Akagawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake, na mahali pake pa kusomesha akakaa nduguye Ahmad. Akawaambia watu kwamba anakwenda Makka, hali moyoni amekusudia Sham, kwani alichelea Khalifa na rafiki zake wasije wakamzuia. Tazama, ewe msomaji: hata katika kuikimbia khofu, alitoka akiwa nayo mgongoni. Wala si aibu. Maradhi ya miaka hayaponi kwa siku moja.

Watu wa Iraki wakawa na maneno mengi. Waliokuwa mbali walidhani amekimbia watawala. Waliokuwa karibu walijua kwamba watawala ndio waliomng'ang'ania, basi wakasema hili halina sababu ila ni jicho, ni hasadi iliyowapata Waislamu na wanavyuoni wao. Khabari hii ameieleza mwenyewe katika kitabu chake cha al-Munqidh, nasi twaomba msomaji aitie moyoni. Mji mzima ulisema ni jicho. Lau Ghazali angelitaka, angelimtafuta mwenye jicho hilo, na katika mji ule hasidi wa mtu kama yeye hakosekani. Hakumtafuta. Alijua ugonjwa umo wapi, na jicho alilolihitaji ni la kuitazama nafsi yake.

KUHAMA KWAKE

Alifika Damascus, akakaa karibu na miaka 2 katika khalwa. Alikuwa akipanda katika mnara wa msikiti mkubwa wa Bani Umayya, akijifungia mlango mchana kutwa. Kisha akenda Bait al-Maqdis, akawa kila siku akiingia katika Kuba ya Sakhra na kujifungia. Mwaka 489 (1096), katika Khalil, penye kaburi la Nabii Ibrahimu, aliweka ahadi tatu: asimwendee mtawala kwa matakwa yake, asipokee mali ya watawala, na asibishane na watu kwa kutaka kushinda. Kisha akenda kuhiji na kumzuru Mtume, rehema na amani zimshukie. Baada ya hapo alirejea kwao Tus, kwani watoto wake walimwita, naye aliendelea na khalwa yake kila alipopata nafasi. Muda wote wa kujitenga kwake ulikuwa wa miaka kama 10.

Katika miaka hiyo ndipo alipoandika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, nacho kina vitabu 40 ndani yake: robo ya ibada, robo ya desturi, robo ya yenye kuangamiza, na robo ya yenye kuokoa. Masharifu wa Hadhramaut waliotuletea darsa za elimu pwani walikishika sana kitabu hiki, na kwa sababu yao hata wazee wetu ambao hawakujua Kiarabu waliyasikia maneno yake misikitini bila ya kujua yametoka wapi.

ALIVYOISOMA KURANI

Kitabu cha 8 katika hivyo 40 kinaeleza adabu za kusoma Kurani, na hapo ndipo penye dawa tunayoitafuta. Imamu Ghazali ametaja humo mambo 10 ya moyo ambayo msomaji hana budi nayo. Sisi tutataja matatu.

La kwanza, ni kuondoa vizuizi vya kufahamu. Na kizuizi alichokitanguliza kitawashangaza wengi wetu, nacho ni mtu kushughulika na makharij ya herufi tu, akirudiarudia kila herufi akidhani haijatoka mahali pake, mpaka moyo usipate nafasi ya kusikia maana. Hakusema tajwidi iachwe. Amesema kwamba shetani anaweza kumshika mtu kwa jambo lililo jema ili amzuilie lililo bora kuliko hilo. Kizuizi chengine ni kibri na dhambi iliyong'ang'aniwa, kwani hizo ni kutu juu ya kioo cha moyo.

La pili, ni msomaji ajione kwamba yeye ndiye anayesemezwa. Kikija kisa cha Firauni asiseme hiki ni cha Misri ya kale. Ajue kwamba Mwenyezi Mungu hakukiteremsha kwa ajili ya kutupigia hadithi za usiku. Amekiteremsha kwa ajili yake msomaji huyo, usiku huo. Mtumwa aliyeletewa barua na bwana wake haisomi kama aisomaye barua ya jirani.

La tatu, nalo ndilo zito, ni mtu kujivua na nafsi yake. Zikija aya za kuwasifu watu wema asijihesabu miongoni mwao. Bali aone kwamba wanasifiwa wengine, naye amwombe Mola wake amkutanishe nao. Na zikija aya za kuwalaumu waovu, asimtafute jirani wa kumvisha. Ajione yeye ndiye aliyekusudiwa, aogope, aombe msamaha. Sisi, ndugu zetu, twafanya kinyume cha hayo. Aya ya pepo twaichukua sisi, na aya ya moto twampelekea fulani.

Huenda mtu akachelea kwamba kusoma kwa njia hii ni kuacha maana ya dhahiri ya Kurani kama walivyofanya Mabatini. Hasha. Imamu Ghazali alikuwa mpinzani wao mkubwa. Katika kitabu chake cha Mishkat al-Anwar, alichokitungia juu ya aya ya 35 ya Suratu Nur, ameeleza mfano wa Nabii Musa alipoamrishwa avue viatu vyake katika bonde takatifu. Musa alivua viatu vya miguuni, nao ndio dhahiri. Na moyo wake ukavua kuitegemea dunia, na hata tamaa ya malipo ya akhera, nao ndio batini. Mwenye kushika batini akakataa dhahiri amepotea, na mwenye kushika dhahiri peke yake amepungukiwa; aliyekamilika ni anayekusanya yote mawili. Kadhalika hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa. Mbwa ni mbwa, na hukumu yake i pale pale. Lakini baada ya kumtoa mbwa nyumbani, mtu autazame moyo wake, nao pia ni nyumba, kama hamna humo mbwa wa hasira na chuki anayebweka usiku na mchana.

Sasa natuisome Suratul Falaq kwa kanuni hiyo. Sote twaihifadhi. Twaisoma juu ya watoto wetu, na tukishuku mtu ametuhusudu huisoma kwa haraka huku sura ya mtu huyo imesimama mbele ya macho yetu. Dhahiri yake ni kweli, wala hatuikatai: ni kinga kwa Mola juu ya shari ya viumbe, na ya wapulizao katika mafundo, na ya hasidi anapohusudu. Lakini akiisoma mtu kwa njia ya Imamu Ghazali, atafika penye neno hasidi asimame, ajiulize: ni nani niliyemhusudu mimi leo? Shamba la nani nimelitazama kwa jicho baya? Ni mzee gani nimemtuhumu moyoni bila ya ushahidi? Amwombe Mola amkinge na shari inayotoka katika kifua chake mwenyewe, kabla ya ile inayotoka katika nyumba ya jirani. Sura hii, ikisomwa hivi, haiwezi kumpelekea mtu yeyote kushika kiberiti.

KALAMU NA MKONO

Na ama khofu yenyewe ya viumbe, Imamu Ghazali ameipigia mfano katika kitabu chake cha tauhidi na kutawakali. Chungu, yule mdudu mdogo, anatembea juu ya karatasi. Anaona weusi unatandaa katika weupe, na macho yake hayafiki mbali kuliko ncha ya kalamu, basi anadhani kalamu ndiyo iandikayo. Lau macho yake yangelifika mbali zaidi angeliona vidole, kisha mkono, kisha mwenye mkono aliyekusudia kuandika. Ndivyo alivyo mtu anayemwogopa kiumbe. Ameona ncha ya kalamu, hakumwona Mwandishi. Kurani yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 102, ilipotaja uchawi ilikwisha kutuambia kwamba wenye kuufanya hawamdhuru yeyote ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Lakini Imamu alikuwa mjuzi wa nyoyo, hakudhani kwamba kujua kunatosha. Ametaja mtu anayejua kwa yakini kwamba maiti ni kitu kisichoweza kutenda lolote, na juu ya hivyo hawezi kulala naye chumba kimoja usiku. Akili inajua, na moyo unatetemeka. Na katika mlango wa khofu ametaja mtoto anayemwogopa nyoka kwa sababu amemwona baba yake akikimbia. Maneno haya yatosha kutufahamisha hali ya Kisii na Nyamira, na ya Kilifi, na ya nyumba zetu wenyewe. Mtoto hakuzaliwa akimwogopa bibi kizee wa jirani. Alimwona mama yake akimwondoa barazani bibi huyo alipopita, akajifunza. Basi khofu yataka mazoezi ya kuivunja, kama alivyoivunja Imamu kwa miaka 10 ya dhikri na kuitazama nafsi.

MBELE YA MTAWALA

Je, alipona? Mtu hujulikana amepona anaporudishwa mahali pale pale alipougulia. Mwaka 499 (1106) aliitwa na Fakhr al-Mulk, mtoto wa Nizam al-Mulk, arudi kusomesha katika Nizamiya ya Nishapur. Akarudi. Akaeleza kwamba yeye ajua kuwa hakurudi vile alivyokuwa, kwani zamani alikuwa akisomesha elimu inayopatia watu cheo, na sasa ni elimu inayomfunza mtu kukiacha.

Baadaye wahasidi walimshtaki kwa Sanjar, mtawala wa Khurasani, naye akamtaka afike mbele yake. Mtu yule yule ambaye ulimi wake ulifungwa mbele ya wanafunzi waliompenda, sasa alisema mbele ya mwenye upanga. Hakujitetea peke yake. Alimkumbusha hali ya watu wa Tus walioharibikiwa na mazao na kushikwa na njaa na dhuluma, akamtaka awahurumie, na yeye mwenyewe akaomba asamehewe kusomesha. Mwaka 504 (1110) alitakiwa arudi Baghdad kwenye kiti chake cha zamani, akakataa. Alikaa kwao Tus, karibu na nyumba yake akajenga madrasa ya wanafunzi na makao ya masufi, akiugawa wakati wake baina ya kusoma Kurani, na kukaa na watu wa moyo, na kusomesha.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba wanavyuoni hawakumnyamazia. Ihya ilichomwa moto katika Cordoba mwaka 503 (1109), naye yu hai. Ibn al-Jawzi na wengineo walimlaumu kwa hadithi dhaifu alizozitia humo, na lawama hiyo ina haki yake. Baadaye al-Hafidh al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 (1404), akazichambua hadithi zake moja moja. Sisi hatumfuati mtu kwa upofu. Twachukua kilicho wazi kwa Kitabu na Sunna, na hakuna kilicho wazi kuliko mtu kuianza nafsi yake.

KUFA KWAKE

Alifariki Tus siku ya Jumatatu, 14 Jumada al-Akhira mwaka 505, nao ni Disemba 1111, akiwa na umri wa miaka 53 kwa hesabu ya Miladi. Nduguye Ahmad amesimulia kwamba alfajiri ya siku hiyo alitawadha, akaswali, akaagiza sanda yake. Akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akasema kwamba ametii kuingia kwa Mfalme. Kisha akanyosha miguu, akaelekea kibla, akafariki kabla ya jua kuchomoza. Hakuacha ila mabinti. Mtu aliyekuwa akimwogopa Khalifa asimzuie njiani, alikwenda kwa Mfalme wa wafalme kwa miguu iliyonyoshwa.

Ndugu zetu wa pwani, na ndugu zetu wachache tulio nao huku: hatuwaandikii haya ili mwende minarani mkajifungie. Twawaandikia kwa jambo jepesi kusema na zito kutenda. Siku utakapoharibikiwa na biashara, au mtoto wako akaugua, na moyo ukakuonyesha nyumba ya mtu, usiende kwa mpiga ramli. Mpeleke mtoto hospitali, kisha tawadha, usome Falaq na ujitafute ndani yake. Na ukiamka asubuhi chukua sahani ya chakula uende kwenye nyumba ile ile uliyoonyeshwa, ubishe hodi, ukae na yule mzee barazani mchana, watu wakuone. Na kama u katika kijiji ambacho minong'ono imeanza juu ya mjane fulani, basi kukaa kwako pale barazani huenda ndiko kutakakomwokoa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali, na awarehemu wote waliodhulumiwa kwa khofu za watu wengine, na atukinge na shari ya nafsi zetu kabla ya kila shari. Amin.